SOMO: Kutunza na Kusikiliza Nyimbo za Kwaya kwa Kompyuta

Mzee Hukwe Zawose, mwanamuziki maarufu wa Kigogo, alifariki mwaka 2003, lakini sauti yake tunaisikia hadi leo kwa sababu ilirekodiwa. Kwaya zetu nyingi za zamani zimebaki kwenye kaseti, na utepe huchakaa. Nyumba au ofisi yenye kompyuta mbili inatosha. Tunashauri hivi:

1. Ombeni kwanza ruhusa ya wanakwaya.
2. Ingizeni sauti kwenye kompyuta moja kwa waya wa sauti. Faili lisilobanwa huchukua MB 10 hivi kwa dakika. La MP3, MB 1 hivi. Kubwa ni la kutunza, dogo ni la kusikiliza.
3. Unganisheni kompyuta kwa swichi. Kila waya usizidi mita 100. Intaneti haihitajiki.
4. Folda ya pamoja iwe ya kusoma tu, wimbo usifutwe kwa bahati mbaya.
5. Wekeni nakala nyingine kwenye diski ya pili, katika jengo jingine. Diski ikiwa moja tu na ikaharibika, kwaya nzima imenyamaza.

Swali kwa kamati: Ni kaseti ipi ya usharika wenu ambayo haina nakala?