SOMO: TUSIIKIMBIE SINDANO YA MGONGO

Tukitembelea akina mama hapa Diani, neno hili hatuachi kulisikia: "Sindano ya mgongo sikubali, nitaumwa mgongo maisha!" Mama amefikishwa Msambweni, mtoto lazima atolewe kwa operesheni, naye bado anabishana huku saa zinakwenda. Basi tujifunze pamoja.

Ni sindano gani?
Nusu kaputi humlaza mtu kabisa, asijijue. Ganzi huondoa maumivu sehemu moja tu. Ile ya mgongo ilianzishwa na Mjerumani August Bier mwaka 1898. Dawa huizima mishipa ya fahamu ya kuanzia tumboni kwenda chini kwa saa mbili tatu hivi. Mama anapumua mwenyewe, na mtoto akilia anamsikia.

Ina madhara?
Tusifichane, yapo. Presha inaweza kushuka, ndiyo maana hupimwa kila mara. Wengine huumwa kichwa siku chache. Hata Bier mwenyewe kilimuuma alipojaribiwa. Palipochomwa panaweza kuuma siku kadhaa. Lakini maumivu ya mgongo ya miezi na miezi huwapata hata waliojifungua kwa njia ya kawaida, maana mimba yenyewe huuchosha mgongo. Kupooza ni nadra sana.

Na kesho?
Mashine ya picha, ile ya kumtazama mtoto tumboni, sasa humwonyesha mtaalamu mshipa wa fahamu wa mkono au mguu. Kijana aliyeanguka na bodaboda anaweza kutiwa ganzi mkono pekee, na maumivu yakatulia saa nyingi baada ya operesheni. Ila mashine peke yake haitoshi. Dawa nyingi ikiingia kwenye damu huleta degedege, hata moyo kusimama. Basi kaunti ikituita kwenye kikao cha bajeti, tusiombe mashine tu, tuombe na mafunzo ya wa kuitumia.

Tukumbuke:
1. Tumweleze daktari kama tunatumia dawa ya kuzuia damu kuganda, au kuna dawa inayotudhuru.
2. Tuulize maswali yetu kliniki, tusingoje mlango wa thieta.
3. Tuombe dawa ya maumivu kabla ganzi haijaisha.

Ya kujadiliana: Nyumbani kwetu, nani huamua mama akubali operesheni? Je, yeye amelisikia somo hili?