MTOTO ANAYESHINDWA KUSOMA

Katika vijiji vya Uluguru, kuanzia Matombo na Kinole hata Mgeta, mtoto hujifunza mengi kwa kutazama na kusikia kabla hajashika kalamu. Huzijua njia za mlimani, huhesabu ndizi za mama yake sokoni bila kukosea. Kisha huingia shule, na mwaka wa pili bado hasomi. Herufi b huiona d; neno alilolisoma juu ya ukurasa halitambui chini yake. Hapo huanza maneno: mvivu, mjinga, amelogwa. Wengine humchapa, wengine humpeleka kwa mganga, na wako wamwondoao chuoni wakisema kwamba hata dini haitamwingia. Hili la mwisho ndilo baya kuliko yote.

Mwaka 1896 Daktari Pringle Morgan wa Uingereza aliandika habari za kijana wa miaka 14, mwenye akili nzuri, ambaye alishindwa kusoma ingawa alifundishwa sana. Hali hii huitwa disleksia. Haitokani na uvivu wala uchawi, na mara nyingi huonekana kwa zaidi ya mtu mmoja katika ukoo. Ubongo hupata taabu kuunganisha herufi na sauti yake. Kiswahili huandikwa karibu kama kinavyotamkwa, kwa hiyo mtoto wa namna hii huenda akazipata silabi mwishowe, lakini polepole mno, hata afikapo mwisho wa sentensi amekwisha sahau mwanzo wake.

Ndugu aliyejiunga na Ahmadiyya akiwa mtu mzima, akaanza kujifunza Yassarnal Quran, anaweza kuielewa taabu hii kuliko wengi. Ba, ta na tha zina umbo moja, nazo hutofautishwa kwa nukta tu. Na akumbuke subira aliyoitaka kwa mwalimu wake.

Hadhrat Mirza Bashiruddin Mahmud Ahmad r.a., Khalifa wa Pili, aliyezaliwa mwaka 1889, alikuwa na maradhi ya macho na afya dhaifu utotoni. Masomo ya shule yalimshinda, na walimu wakapeleka malalamiko kwa baba yake, Masihi Aliyeahidiwa a.s., lakini yeye hakumlazimisha. Hatusemi kwamba alikuwa na disleksia. Tunatazama jinsi alivyofundishwa. Hadhrat Maulvi Nuruddin r.a., ambaye baadaye alikuwa Khalifa wa Kwanza, alimsomea Kurani Tukufu na tafsiri yake, kisha Sahihi Bukhari. Mwalimu akasoma, mwanafunzi akasikiliza. Mwanafunzi huyo alipata Ukhalifa mwaka 1914, akaandika Tafsiri Kabir, na ndiye aliyemtuma Sheikh Mubarak Ahmad Afrika Mashariki mwaka 1934. Na Mtume Mtukufu s.a.w. mwenyewe hakusoma wala kuandika; ufunuo aliupokea kwa kusikia na kurudia.

Basi mzazi na aanze kwa kumpima mtoto macho na masikio hospitalini, maana huenda kasoro ni hiyo tu. Kisha amfundishe nyumbani dakika 15 kila siku, wala si saa nzima kwa ghadhabu. Ashike silabi za aina moja, ba be bi bo bu, mpaka zizoeleke. B na d zisifundishwe siku moja. Mtoto atamke sauti huku akiichora herufi kwa kidole katika mchanga. Mzazi asome sentensi, naye airudie akifuatisha maneno kwa kidole. Mzazi asiyejua kusoma amwombe mjomba, ambaye kwa Waluguru ana neno kubwa juu ya mtoto wa dada yake. Na hadithi ikisimuliwa kwanza kwa Kiluguru, kisha ikasomwa kwa Kiswahili, mtoto huwa na mzigo mmoja badala ya miwili.

Sala haingoji herufi. Sura Fatiha na dua za Sala afundishwe kwa masikio, aya moja moja. Yassarnal Quran isiachwe, ila somo lipunguzwe hata mstari mmoja kwa siku.

Mwalimu wa shule aelezwe mapema, aombwe asimsimamishe mtoto kusoma mbele ya wenzake kwa ghafla, na mitihani ya darasani amsomee maswali. Nchini kwetu kiko chuo cha Patandi, karibu na Arusha, kinachoandaa walimu wa elimu maalumu. Mzazi amwulize mwalimu mkuu, au ofisa elimu wa wilaya, kama yuko karibu mwalimu aliyepitia huko.