Dondoo Muhimu: Programu Mpya juu ya Debian ya Zamani
Mwenye kompyuta iendeshwayo na Debian 12, toleo la mwaka 2023 liitwalo bookworm, naye akahitaji programu mpya kuliko zilizomo, hana haja ya kubadili mfumo wote, maadamu atayazingatia haya:

1. Kwanza, hifadhi nakala ya mafaili yako, pamoja na /etc, nje ya mashine hiyo.
2. Anzia ghala rasmi la bookworm-backports, ambamo hutiwa vifurushi vipya vilivyoundwa upya kwa ajili ya toleo hilo.
3. Litaje ghala hilo bayana, apt install -t bookworm-backports kisha jina la kifurushi, la sivyo utaletewa kile cha zamani, nawe udhani amri ina hitilafu.
4. Usithubutu kuchanganya maghala ya trixie au sid, yaani matoleo ya Debian mapya zaidi, na ya bookworm: kifurushi kimoja huweza kuvuta maktaba ya msingi ya libc6 iliyo mpya, na nyuma yake nusu ya mfumo, na kurejea hali ya awali ni taabu isiyo kifani.
5. Tanguliza jaribio kwa apt -s, ukiisoma kwa makini orodha ya vitakavyoondolewa, ambayo wengi huipita kwa pupa.
6. Ukikosa programu katika bookworm-backports, Flatpak ni afadhali kuliko faili la .deb la kuokota intaneti.