Mkaguzi wa Kwanza wa Karavani Yako ni Wewe

Shule za Uingereza zinapofungwa kwa likizo ya kiangazi, barabara ya M5 ielekeayo Devon na Cornwall hujaa magari yanayokokota karavani, nyumba ndogo za magurudumu. Kama unaishi huko na mwaka huu umepania kuipeleka familia ufukweni kwa njia hiyo, jambo moja lijue mapema. Gari lako likifikisha miaka 3 ni lazima lipite ukaguzi wa MOT kila mwaka. Karavani haina ukaguzi wa namna hiyo. Inaweza kulala uani miezi 10, ikatolewa asubuhi ya safari na kuingia barabarani bila fundi yeyote kuigusa. Mtu wa kwanza kuitazama kwa makini asije akawa askari wa usalama barabarani, au ofisa wa DVSA, wakala wa serikali anayesimamia viwango vya madereva na magari.

Leseni inaruhusu nini?

Kwa miaka mingi, aliyefaulu mtihani wa udereva kuanzia Januari 1, 1997 alihitaji mtihani wa ziada ili kukokota tela kubwa. Sharti hilo liliondolewa Desemba 16, 2021. Sasa leseni ya kawaida ya gari dogo iliyotolewa England, Scotland au Wales inaruhusu tela lenye uzito wa juu wa hadi kilo 3,500. Mwenye leseni ya Tanzania au Kenya ahesabu siku zake: tangu awe mkazi, ana miezi 12 tu ya kuitumia kuendesha gari dogo. Baada ya hapo hana budi kuchukua leseni ya kujifunzia na kufanya mtihani upya.

Lakini kilo 3,500 ni kikomo cha leseni, si uwezo wa gari lako. Kuna bamba dogo la mtengenezaji, mara nyingi kwenye fremu ya mlango au chini ya boneti. Tafuta humo uzito wa juu wa gari na tela kwa pamoja. Usipouona kabisa, gari hilo lisikokote kitu.

Uzito haupimwi kwa macho

Hapa ndipo watu wema wengi hukamatwa, kwa sababu hakuna anayejiona amebeba kupita kiasi. Tuseme karavani tupu ina kilo 1,350, na bamba lake linaruhusu kilo 1,500. Umebakiwa na kilo 150. Tangi la lita 40 za maji limekula 40. Betri, mtungi wa gesi na hema la mlangoni vikiingia, zinazobaki hazitoshi vyombo, nguo, viti na baiskeli za watoto wawili.

Kwa hiyo pakia kila kitu, kisha ipeleke kwenye mizani ya umma kabla ya siku ya safari. Maji jaza mkifika. Mizigo mizito iwe chini, karibu na ekseli. Ikirundikwa nyuma, tela huanza kuyumba kama mkia. Kwa anayeanza, ushauri unaotolewa ni kwamba karavani iliyopakiwa isizidi asilimia 85 ya uzito wa gari tupu. Uzito ukizidi ulioandikwa kwenye bamba, mbali na faini, unaweza kuzuiwa kuendelea na safari mpaka mzigo upunguzwe, watoto wakiwa wamekaa kando ya barabara.

Zunguka ukague

• Vioo. Karavani ikiwa pana kuliko gari, funga vioo vya nyongeza vya pembeni. Kukokota bila kuona vizuri nyuma kunaweza kukugharimu hadi pauni 1,000 na pointi 3 kwenye leseni.

• Namba. Bamba la nyuma ya karavani liwe na namba ileile ya gari linaloikokota.

• Breki. Tela lenye uzito wa juu unaozidi kilo 750 lazima liwe na breki zake. Waya wa dharura ufungwe imara kwenye gari na usiburuzike chini. Tela likichomoka, waya huo ndio unaovuta breki.

• Matairi. Kina cha kashata kisipungue milimita 1.6. Tairi la karavani huzeeka likiwa limesimama: kashata zinaonekana mpya huku ubavu una nyufa. Tairi moja bovu linaweza kukuletea faini ya hadi pauni 2,500 na pointi 3.

• Taa. Mtu mmoja akanyage breki na kuwasha indiketa, mwingine asimame nyuma atazame.

• Abiria. Asibaki mtu ndani ya karavani ikiwa mwendoni, hata mtoto aliyelala.

Mkiwa njiani

Kwenye barabara kuu za motorway, na zile zenye njia mbili zilizotenganishwa, mwisho ni maili 60 kwa saa. Barabara ya kawaida nje ya mji ni 50. Motorway ikiwa na njia tatu au zaidi, usiingie ile ya kulia kabisa. Tela likianza kuyumba, ondoa mguu kwenye mafuta taratibu na ushike usukani kwa utulivu, bila kukanyaga breki kwa nguvu.

Ukisimamishwa

Askari mwenye sare akikuashiria usimame, sheria inakutaka usimame. Atataka leseni na bima. Usipokuwa nazo, unaweza kupewa siku 7 kuzipeleka kituo cha polisi. Bima ya gari mara nyingi hulipia madhara ambayo tela limewasababishia wengine, lakini karavani yenyewe ikivunjika hailipiwi. Iulize kampuni yako kabla ya kuondoka. Jibu unachoulizwa, mwonyeshe bamba la uzito na karatasi ya mizani kama unayo.

Halafu kumbuka kwamba ukaguzi wa nyumbani hautoshi. Baada ya maili chache za mwanzo, ingia kituo cha mapumziko. Tikisa kiungo cha gari na tela, gusa waya wa dharura, tazama matairi na taa, kisha ndipo uwaambie watoto safari imeanza.