Saratani imetibiwa, mbona uchovu hauishi?

Umemaliza matibabu ya saratani na daktari amekuambia kwamba uvimbe haupo tena. Hata hivyo, ukibeba mtungi mmoja wa maji hadi nyumbani kwako Soweto West, mtaani Kibera, unalala mchana kutwa. Majirani wanasema umekuwa mvivu. Wewe nawe unahofia ugonjwa umerudi.

Huo si uvivu. Uchovu wa kufua nguo za watu kutwa huisha ukilala usiku. Huu hauondoki kwa usingizi, na huweza kudumu miezi au hata miaka baada ya matibabu.

Kwanza rudi kliniki. Huenda una upungufu wa damu, kasoro ya tezi ya shingo, kifua kikuu au huzuni iliyozidi. Yote hayo yana tiba. Daktari pia atachunguza kama saratani imerudi.

Na vipimo visipoonyesha kitu? Hapo ndipo tiba ya ushauri inapofaa. Nchini Uholanzi, wanawake 132 waliopona saratani ya matiti lakini wakabaki na uchovu mkali waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilifuata masomo ya tiba kwa intaneti, likiongozwa na wanasaikolojia. Lingine lilipata huduma za kawaida. Matokeo yalitangazwa mwaka wa 2017: asilimia 73 ya kundi la kwanza walipata nafuu kubwa, dhidi ya asilimia 14 katika kundi la pili.

Tiba hiyo hufunza nini?

1. Amka saa ile ile kila siku, hata Jumapili, na uepuke kulala mchana.

2. Usifue rundo zima siku unapojihisi nafuu, kisha ukalala siku mbili. Fanya kiasi kile kile kila siku, halafu uongeze kidogo kidogo.

3. Chunguza mawazo yako. Badala ya "siwezi lolote tena", jiambie: "Jana nilifika kioski cha maji, leo nitafika tena."

4. Waeleze jamaa zako msaada unaohitaji, na umwambie mshauri hofu zako.

Kama huna simu ya intaneti, au mnaishi wengi katika chumba kimoja na huna faragha, usikate tamaa. Siku ya kliniki, iwe ni katika Hospitali Kuu ya Kenyatta au kwingineko, omba kuonana na mshauri. Usingoje kuulizwa, sema, "Daktari, nimechoka." Haba na haba hujaza kibaba.