Kabla ya Kushuka Kutoka Kyarumba: Breki na Chaji kwa Gari la Zamani

Milima ya Rwenzori na biashara ya mpaka wa Mpondwe zimeyaweka kazini magari ambayo kwingine yangeshauzwa kama vyuma chakavu: Land Rover za Series II na III, Land Cruiser za 40, Hilux za dizeli za mwanzo. Kama unalo moja, na unataka liendelee kupanda Kyarumba na kurudi Kisinga na magunia ya kahawa, pesa ya kwanza iende kwenye breki na chaji. Rangi na viti vitasubiri. Ukifika kidokezo cha tano utaona kwamba, kwa baadhi ya magari, breki na chaji ni kazi moja.

1. Usikimbilie diski. Dramu nzima, zilizokazwa vizuri, husimamisha Land Rover bila taabu. Shida ni kwamba breki za Series hazijikazi zenyewe: lining ikilika, pedali inashuka. Inua kila gurudumu kwa jeki, kaza kirekebishi kilicho nyuma ya dramu mpaka gurudumu ligande, kisha kilegeze kidogo tu lizunguke huru. Ukifungua dramu, usipulize vumbi kwa kompresa. Lining nyingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake huua mapafu ya fundi na ya kijana anayemshikia tochi. Futa kwa kitambaa kilicholowa maji.

2. Weka masta silinda ya njia mbili. Kwangu mimi hili ndilo badiliko lenye thamani kuliko yote. Land Rover nyingi za Series II na IIA zina njia moja ya mafuta kwa magurudumu yote manne. Hosi moja ikipasuka, hubakiwi na breki yoyote. Njia mbili zikitenganishwa, mbele na nyuma, moja ikifa nyingine inakufikisha bondeni. Siku hiyohiyo badilisha hosi zote za mpira na ukague paipu za chuma, hasa kama gari limewahi kubeba chumvi ya Katwe. Chumvi hula chuma polepole mahali usipotazama, juu ya ekseli na nyuma ya chesisi.

3. Ukiamua diski za mbele, badilisha kila kinachoendana nazo. Masta silinda ya dramu mara nyingi huwa na vali inayobakiza shinikizo kidogo kwenye paipu. Dramu zinalihitaji, lakini diski zikiachiwa shinikizo hilo, pedi hazitaachia na magurudumu yatachemka. Pia utahitaji vali ya kugawa nguvu, ili magurudumu ya nyuma yasifunge kabla ya yale ya mbele gari likiwa tupu. Fundi akikuambia atafunga diski tu na mengine yabaki kama yalivyo, tafuta fundi mwingine.

4. Mwaga mafuta ya breki ya zamani. DOT 4 mpya huchemka kwenye nyuzi 230 hivi au zaidi. Ikishanyonya unyevu wa hewa, kiwango kinaweza kushuka hadi 155. Mteremko mrefu na mzigo mzito hufikisha joto hilo kwa urahisi, mvuke hujaa kwenye paipu, na pedali inazama hadi sakafuni. Badilisha kila miaka miwili, toa hewa yote, na usichanganye DOT 5 ya silikoni na DOT 4.

5. Kwa dizeli za Toyota, itazame alteneta kwa nyuma kabla ya kuing'oa. Kwenye injini nyingi za B, 3B, 2H na L, nyuma ya alteneta kuna pampu ya vakyumu inayolisha busta ya breki, na vyote viwili vinazungushwa na shafti moja. Injini ya dizeli haina mvuto wa hewa wa kutosha kama ya petroli, kwa hiyo bila pampu hiyo busta haifanyi kazi. Hapa ndipo watu wanapoharibu gari wakidhani wanalitengeneza: wanafunga alteneta kubwa iliyotoka kwenye gari la petroli, taa zinang'aa, kila mtu anafurahi, na pedali inakuwa ngumu kama jiwe. Nunua alteneta yenye pampu yake, au tafuta pampu ya kujitegemea. Kagua hosi inayopeleka oili ya injini kwenye pampu. Sili ikichoka, oili huingia kwenye waya za alteneta na chaji inakufa. Na mkanda ukikatika unapoteza chaji na msaada wa breki kwa pamoja, kwa hiyo weka mkanda wa akiba chini ya kiti.

Kupima busta ni rahisi. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga pedali mara kadhaa mpaka iwe ngumu, shikilia mguu, kisha washa. Pedali ikishuka kidogo, busta inafanya kazi.

6. Piga hesabu ya ampea kabla ya kununua alteneta. Taa mbili za wati 60 kwenye volti 12 zinakula ampea 10. Ongeza waipa, taa za nyuma, redio na chaja ya simu. Dinamo ya Lucas C40 ya Land Rover za zamani hutoa takriban ampea 22, na injini ikizunguka polepole haitoi karibu chochote. Alteneta ya ampea 45 au 55 inatosha kabisa.

7. Angalia kwanza ni upande gani wa betri umefungwa kwenye bodi. Land Rover nyingi za kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 zilifungwa chanya. Ukiziwekea alteneta bila kugeuza, dayodi zinaungua papo hapo. Na baadhi ya Land Cruiser ni za volti 24, basi pima kabla ya kulipa.

8. Badilisha waya pia. Waya uliobeba ampea 22 hautabeba 55. Tumia wa milimita za mraba 10 na fyuzi karibu na betri. Usisahau waya wa ardhi kati ya injini na chesisi. Acha taa ya onyo ya chaji mahali pake, kwani alteneta nyingi huamshwa na umeme unaopitia balbu hiyo. Taa kubwa zipitishe kwenye rilei.

9. Pima usiku, taa zote zikiwaka. Injini ikikimbia kiasi, betri isome kati ya volti 13.8 na 14.4. Usitoe terminali ya betri injini ikiwaka ili kuona kama inachaji. Kisha rekebisha miale ya taa kubwa, maana Kikorongo tembo huvuka barabara gizani. Taa zilizonunuliwa ng'ambo ya mpaka, Kasindi, mara nyingi ni za magari yanayopita upande wa kulia wa barabara: huinua mwanga upande wa kulia, moja kwa moja machoni mwa dereva anayetoka Bwera. Omba zile za upande wa kushoto.