WALEZI NI WENGI

Mimi niko kidato cha tatu. Mwalimu mlezi wa chama chetu alipogawa mada za jarida, wenzangu walikimbilia ngeli, sheng na ushairi. Mimi nikabakiwa na malezi ya watoto wadogo. Wavulana wakacheka, ati nimepewa kazi ya akina mama. Nami nilicheka nao, lakini mada hii naijua kuliko yeyote aliyekuwa pale siku ile. Utaona kwa nini.

Kwanza neno lenyewe. Kulea ni kumtunza mtoto hadi akue. Kutokana na kitenzi hicho tunapata malezi, mlezi na kulelewa. Hata mwalimu anayesimamia chama huitwa mlezi, ingawa wetu sidhani amewahi kumbadilisha mtoto nepi. Hapa namzungumzia anayebaki na mtoto ambaye hajafika darasa la kwanza, wakati wazazi wameenda kutafuta riziki.

Na wazazi huenda mapema. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mama aliyeajiriwa likizo ya uzazi ya miezi mitatu kwa mshahara kamili, na baba wiki mbili. Miezi mitatu ikiisha mtoto hajajua hata kuketi. Mama anayefanya kibarua cha kulipwa kwa siku yeye aghalabu huisikia hiyo likizo redioni tu. Mama yangu ni mmoja wao. Hushona nguo katika kiwanda kimoja huko Athi River, naye baba huendesha lori la masafa marefu. Sisi twaishi Mlolongo, chumba kimoja ndani ya ploti.

Mlezi wa kwanza ni jamaa, na mbele ya jamaa wote yuko nyanya. Sisi Wakamba humwita susu. Mimi nililelewa naye kijijini hadi nilipotimiza miaka sita. Malezi haya hayana malipo ya mwezi, na mtoto hula vizuri, analala vizuri, anajifunza lugha ya kwao. Kasoro yake huonekana baadaye. Mama alikuja siku moja Disemba kunichukua, nami nikajificha nyuma ya ghala kwa kuwa sikumjua. Nilikuwa nikimwita susu "mama", na mama mwenyewe nikimwita kwa jina lake kama nilivyosikia watu wazima wakimwita. Anasimulia kisa hicho akicheka, lakini hukisimulia mara nyingi mno.

Wa pili ni yaya. Yuko yaya wa kulala humohumo nyumbani, na yuko wa kutwa ambaye huja asubuhi na kurudi kwake jioni. Uzuri wake ni kwamba mtoto habanduki nyumbani, na baridi ya alfajiri haimpati. Ubaya ni kwamba mzazi hana jicho la pili mle ndani, na yaya naye hana wa kumtetea. Wengi husahau kwamba yaya ni mwajiriwa kama mwingine. Ana haki ya kulipwa si chini ya kima cha chini kilichowekwa na serikali, kupumzika angalau siku moja kwa wiki, na kupata likizo ya mwaka. Sheria hiyohiyo ya 2007 inakataza kabisa kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 13. Hata hivyo, sote tumewaona wasichana wadogo wamebeba watoto mgongoni kwa leso, wakiwatazama wenzao wakienda shule.

Aina ya tatu ni deikea, na hapa naomba univumilie nikae kidogo.

Mdogo wangu alizaliwa mwaka 2022. Susu alikuwa amekwisha kuugua miguu, na pesa za yaya hazikuwepo. Katika ploti ya jirani kulikuwa na mama mmoja anayeshinda na watoto kwa shilingi 100 kwa siku. Chumba kilikuwa kama chetu, futi kumi kwa kumi. Siku moja nilihesabu watoto 19 na mlezi mmoja, naye alikuwa akipika maharagwe. Simlaumu sana. Watoto 19 hawawezi kushikwa na mikono miwili, na kama angekataa wengine, akina mama wale wangewapeleka wapi saa kumi na moja alfajiri?

Lakini mdogo wangu alianza kurudi jioni amelala. Si usingizi wa mtoto aliyechoka kucheza. Ukimwinua mkono, unaanguka. Mama alidhani ni malaria. Jumamosi moja nilitumwa kumchukua mapema, nikamkuta yule mama akiwanywesha kijiko kimoja kimoja kutoka kwenye chupa, wakiwa wamepangwa ukutani. Nikamwuliza, "Ni dawa gani hiyo?" Akanijibu bila kuficha, "Ya mafua tu. Inawatuliza." Ilikuwa ile dawa ya maji inayoleta usingizi. Kesho yake kliniki, daktari alimweleza mama kwamba dawa kama hiyo yaweza kupunguza pumzi ya mtoto mchanga, na kwamba mtoto anayelala mchana kutwa hali, hanywi, wala hajifunzi kuongea.

Kwa hiyo, msomaji, ukitumwa kuangalia deikea usianze na bei. Hesabu watoto, kisha hesabu watu wazima. Tazama jiko liko wapi na kama watambaao wanalifikia. Uliza wanaendea wapi haja, na maji ya kunawa yako wapi. Sikiliza pia. Chumba chenye watoto kumi ambacho kiko kimya saa nne asubuhi kina jambo. Halafu rudi siku nyingine bila kupiga hodi mapema. Anayekuzuia mlangoni amekwisha kukujibu.

Baada ya kliniki, mama alimwondoa mtoto siku hiyohiyo. Nani basi angebaki naye? Hapa ndipo penye aina ya nne, ambayo sikuiona ikitajwa katika karatasi yoyote niliyosoma nikiandaa makala haya: dada mkubwa. Nilikuwa darasa la nane, mwaka 2023, tukijitayarisha kwa KCPE ya mwisho kabisa nchini. Mama hakuniamuru. Aliketi kitandani akasema, "Wiki moja tu, mwanangu, nitafute mahali." Zikawa wiki tano. Nilisoma hesabu mtoto akiwa mgongoni, maana nikimshusha alikuwa akirarua daftari. Mwalimu wa darasa alimtuma mwenzangu kuuliza kama nimehama. Nilimwambia aseme naumwa. Niliona aibu kusema nalea.

Watu husema malezi ya jamaa ni ya bure. Zile wiki tano si bure. Mada ya uwiano na ile ya mizani sikuwahi kuzipata vizuri, na hadi leo zikitokea katika fizikia najua hasa nilikuwa wapi zikifundishwa.

Ziko aina nyingine nitakazozigusa tu. Baadhi ya waajiri wameweka vyumba vya watoto kazini, kama ilivyokuwa katika mashamba makubwa ya chai kule Kericho. Sheria ya Afya ya 2017 inawataka waajiri kutenga mahali pa mama kunyonyesha. Kiwandani kwa mama hajaonyeshwa mahali hapo.

Nayo chekechea watu huichanganya na deikea. Chekechea ni shule. Ina mwalimu na mtaala, PP1 kwa mtoto wa miaka minne hivi na PP2 kwa wa mitano. Katiba ya 2010 iliikabidhi kwa serikali za kaunti, pamoja na vituo vya kulelea watoto. Mwalimu wa chekechea anafundisha, halafu anafunga mlango saa sita au saa saba. Kiwanda hakifungi saa sita.

Mama alipata deikea nyingine wiki ya sita, upande wa pili wa barabara. Walezi ni wawili, watoto 11, na mmoja wao aliwahi kusomea kazi hiyo. Ilikuwa shilingi 150 kwa siku. Ili kuzifidia hizo 50 mama aliacha kupanda matatu ya kurudi jioni, akawa anatembea. Mdogo wangu alichukua mwezi mzima kabla ya kuanza tena kupiga kelele, na jirani walipolalamika mama aliwaambia wamwache apige.

Sasa ana miaka minne na yuko PP1. Hutoka saa sita, na mmoja wa wale walezi humpitia langoni akamkalisha hadi saa kumi na mbili kwa shilingi 80. Jumamosi wamefunga, hivyo makala haya nimeyaandika naye akiwa chini ya meza, akinidai kalamu.